Kompyuta peke yake haitoshi
Eti siku hizi kompyuta inatosha kutabiri maji na metali vitafanya nini kinu cha nyuklia kikizidiwa joto, kwa hiyo majaribio ya kamera za kasi ni kupoteza fedha? Sikubali. Nimeshuhudia waya ukipashwa moto kwa umeme ndani ya maji: viputo vinachomoka kimoja kimoja, mara vinaungana, utando wa mvuke unaufunika waya, nao unawaka mwekundu humo humo majini. Kwa macho ni kufumba na kufumbua. Kamera ya maelfu ya picha kwa sekunde inakuonyesha ukavu ulipoanzia, yaani pale waya ulipoacha kwanza kuguswa na maji. Vipimo hivyo ndivyo vinavyosahihisha kompyuta. Marekani waliwasha tena kinu cha TREAT, Idaho, cha kujaribia fueli ya nyuklia kwa joto la ghafla, mwaka 2017, baada ya kukisimamisha tangu 1994. Wangehangaikia nini kama hesabu zingetosha?