Kabla ya Kukubali Kuendesha Trela la Flatbedi, Kagua Mikanda

Vijana wanaonijia hapa Nakuru kuniuliza kama kampuni fulani ya malori inafaa huanza na mshahara, nami huwauliza kwanza kama wameiona stoo ya mikanda na minyororo ya kufungia mizigo. Flatbedi haina kuta wala paa. Mzigo unashikiliwa na kile ulichoufungia tu, kwa hiyo tajiri anayebana pesa kwenye vifaa vya kufungia ameshakuonyesha maisha yako ameyawekea thamani gani.

Niliwahi kwenda kuomba kazi katika yadi moja ambayo sitaitaja. Meneja alipokuwa akinieleza habari za posho ya safari, macho yangu yalikuwa kwenye mkanda uliotundikwa msumarini, ambao ukingo wake ulikuwa umechanika hadi nyuzi zikachomoza kama ufagio, na katikati ulikuwa umepigwa fundo. Fundo huuondolea mkanda sehemu kubwa ya nguvu yake. Nilifikiria nguzo za umeme zinazotoka Eldoret: ukishuka nazo kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa, kisha gari la mbele likasimama ghafla, lori lako litashika breki lakini nguzo zitataka kuendelea na safari, na kilicho mbele yake ni kabini uliyokalia. Nilipouliza kama kuna mikanda mipya, nikajibiwa kwamba madereva wengine hawajawahi kulalamika. Nikaaga.

Jambo la pili ni mizani ya barabarani, ambako malori hupimwa uzito. Lori la ekseli sita, yaani mihimili sita ya magurudumu, linaruhusiwa uzito wa jumla wa tani 50, lakini wengi husahau kwamba kila kundi la ekseli nalo lina kikomo chake, na kwamba ekseli tatu za nyuma za trela hazipaswi kuzidi tani 24. Unaweza kufika kwenye mizani ya Gilgil au Webuye ukiwa na uzito halali kwa jumla, ukazuiliwa kwa sababu aliyepakia alirundika vyuma mkiani. Uliza basi ni nani husimamia upakiaji, kama dereva ana haki ya kukataa kuondoka mpaka mzigo upangwe upya, na faini hulipwa na nani. Jibu la mwisho lipate kwa maandishi.

Mkataba wenyewe sitauzungumzia sana, kwa kuwa Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikiwe mkataba, na kampuni inayokwepa hilo haina haja ya kujadiliwa. Ratiba ndiyo hunitia wasiwasi zaidi. Sheria ya trafiki inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24. Ukiambiwa utoke Mombasa alfajiri na usiku huohuo uwe Malaba, mpakani na Uganda, umeshaambiwa uivunje. Uliza pia kama posho ni ya safari au ya siku, maana foleni ya Malaba ikikulaza siku mbili, posho ya safari huishia kwenye chai na chapati.

Mwishowe, nenda Salgaa jioni, malori yanapoegeshwa, ukazungumze na utingo wa kampuni hiyo. Dereva huona haya kukiri kwamba anadai mshahara wa miezi miwili. Utingo atakutajia hata tarehe.