Kirusi cha chanjo au cha mtaani? Kipimo kidogo bado kina nafasi yake

Mtoto kachanjwa tetekuwanga, baada ya muda anatokwa na vipele. Ni chanjo, au kaambukizwa na wenzake? Vikitoka ndani ya wiki mbili mara nyingi ni kirusi cha mtaani, lakini "mara nyingi" si jibu la maabara. Wataalamu wanavutana: tukate kipande cha DNA kwa kimeng'enya (protini inayokata DNA mahali maalumu), au tusome jenomu nzima, yaani herufi zote za DNA ya kirusi?

Jenomu ya kirusi hiki ina herufi kama 125,000. Chanjo ya Oka (kirusi hai kilichodhoofishwa), aliyoitengeneza Michiaki Takahashi wa Japani mwaka 1974, inatofautiana na kirusi mama kwa herufi 42 tu. Njia ya zamani huzalisha kipande kwa PCR (mbinu ya kunakili DNA mara nyingi), hukitia kimeng'enya, kisha jeli, inayotenganisha vipande kwa ukubwa, huonyesha kama kimekatika. Ni rahisi na ya haraka.

Tatizo ni alama za mwanzo, yaani sehemu zinazokatwa na vimeng'enya viwili: PstI kwenye jeni ya 38 na BglI kwenye ya 54. Hizo ziliwafaa Wamarekani na Wazungu, kwa kuwa BglI huikata Oka na kuviacha virusi vyao vingi. Lakini virusi vya kundi la 5 (moja ya koo za kirusi hiki), vilivyozoeleka Afrika, navyo hukatwa. Anayetegemea BglI peke yake anaweza kumwandikia mtoto wa Mombasa "chanjo" ilhali kaambukizwa shuleni. Japani ni pagumu zaidi, maana Oka ni mzaliwa wa hukohuko na hata alama zote mbili hazitoshi. Suluhisho ni jeni ya 62, mabadiliko ya chanjo yalikorundikana: kimeng'enya SmaI hukata cha chanjo kwenye herufi ya 106,262, cha mtaani hakikatiki hapo.

Wapenzi wa jenomu nzima wanasema virusi hubadilishana vipande, hivyo alama mbili tatu zinaweza kukipachika kirusi kundi lisilo lake. Hapo siwabishii. Ila chanjo yenyewe ni mchanganyiko wa virusi visivyolingana, na sehemu nyingi kati ya zile 42 husomeka herufi mbili kwa pamoja. Kusoma kwingi hakuondoi utata huo, na gharama ni kubwa. Mgonjwa naye haongezewi kitu: dawa ya asiklova hutibu vyote viwili, cha chanjo na cha mtaani.

Kwa swali la chanjo, mimi nabaki na jeni ya 62. Fedha za jenomu ningezipeleka kwenye kundi la 5, kwa sababu jenomu nyingi zilizokwisha kusomwa zimetoka Ulaya, Marekani na Asia.