Dogo akisema haji, nani kamkosea nani?

Januari 8, 2024 Philadelphia Flyers, timu ya hoki ya barafuni kule Marekani, walitangaza kwamba Cutter Gauthier kauzwa Anaheim Ducks, na mashabiki wengi wa pale ndo wakajua siku hiyo hiyo kumbe dogo alishawaambia viongozi muda mrefu nyuma kwamba kwao haji. Walimchagua kwenye drafti ya 2022 namba 5, wakamuacha aendelee na shule pale Boston College wakijua mali ipo, mwisho wakubwa wa timu wakafunga safari mpaka Gothenburg, Sweden, alikokuwa anachezea Marekani kombe la dunia la vijana, wamuone tu waongee naye, dogo akagoma hata kuonana nao. Wakachukua beki Jamie Drysdale na nafasi ya kuchagua mtu raundi ya pili ya drafti ya 2025, biashara ikaisha. Januari 2025 Gauthier akatua Philadelphia na jezi ya Anaheim, uwanja mzima unamzomea kila akigusa mpira (tuite mpira tu japo ni kisahani cha raba), yaani mechi nzima mtu anazomewa kama kaiba kuku.

Sasa mi nauliza, kaiba nini?

Kwa asiyefuatilia hoki ya barafuni, na huku kwetu tusiofuatilia ndo wengi, sanasana wale vijana wa Ice Lions wa Nairobi waliokuwa wanajifua pale Panari, drafti ninayoongelea si ile ya vizibo vya soda kijiweni. Ni kama ile iliyompeleka Hasheem Thabeet Memphis mwaka 2009 kwenye kikapu, namba 2: yeye hakuomba Memphis, Memphis ndo waliita jina lake. NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, wana hiyo kitu tangu 1963, timu zinaita majina ya madogo kwa zamu, siku hizi timu ziko 32, raundi 7, vibonde wanapewa nafasi za mbele, na dogo wa miaka 18 akishaitwa basi kwenye ligi nzima ni timu moja tu ndo yenye ruhusa ya kumsainisha. Hamna cha wakala kusikiliza dau la Yanga asubuhi halafu jioni anapokea simu ya Simba. Wakikuita Winnipeg ni Winnipeg, mji wa Kanada ambako Januari baridi inashuka nyuzi 20 chini ya sifuri na watu wanaenda kazini kama kawaida.

Na hapo ndo hoja ya timu inapokuwa na nguvu, nisiwaonee. Mchezaji mkubwa aliyemaliza mkataba na yuko huru, mwenye familia, mwenye majina matatu ya timu mezani, mara ngapi anachagua Winnipeg? Wanaenda New York, Florida, Los Angeles, kwenye jua au kwenye taa nyingi au kwenye kodi ndogo. Kikomo cha mishahara kipo tangu 2005 lakini kinazuia pesa tu, hakizuii mtu kupenda bahari. Kwa hiyo mji mdogo wa baridi njia yake ya kupata nyota ni moja, uchague vizuri madogo, uwalee, wacheze kwako miaka kadhaa kwa bei ya chini kabla hawajawa huru. Halafu Rutger McGroarty, namba 14 wa 2022, mwanafunzi wa Michigan, anafika mahali hasaini Winnipeg, Agosti 2024 wanambadilisha na Brayden Yager wa Pittsburgh. Yager naye alikuwa namba 14, drafti ya 2023, kwa hiyo kwenye karatasi ni sawa kwa sawa. Ila shabiki wa Winnipeg hakuumia kwa sababu ya hesabu, kaumia kwa sababu kaambiwa kwa mara nyingine kwamba kwao hapakaliki.

Mlango wenyewe wanaopitia hawa madogo uko kwenye sheria, hakuna mtu aliyevunja dirisha. Ukichaguliwa halafu ukaenda kucheza chuo Marekani, timu inashika haki zako mpaka umalize miaka minne ya chuo, na Agosti 15 ya mwaka huo ikipita hujasaini unakuwa mchezaji huru, nenda unakotaka. Ndo hivyo tu. Kijana anachotakiwa kuwa nacho ni kipaji cha kutosha hadi timu zimlilie, na uvumilivu wa kukaa darasani wakati wenzake wanacheza mbele ya watu elfu kumi na nane.

Huo uvumilivu una gharama, na watu wanaomwita dogo ana tamaa hawaigusi hii sehemu kabisa. Kwanza hela ni ile ile! Mkataba wa kwanza wa NHL una kikomo cha mshahara kwa kila mtu anayesaini akiwa chini ya miaka 25, uwe umesaini na timu iliyokuchagua au umetoka uhuru na timu 20 zinakugombania, huwezi kuvuka. Kwa waliochaguliwa mwaka wa Gauthier kikomo kilikuwa dola 950,000 kwa msimu kabla ya bonasi. Kwa hiyo akisubiri miaka minne hapati mamilioni ya ziada, kapoteza misimu ya mshahara kabisa, na goti likipasuka mwaka wa tatu wa chuo ndo basi tena. Anachonunua ni sehemu ya kuishi, kocha, na dakika za kucheza. Tena wengi hawaondoki hata, kitisho chenyewe kinatumika kimya kimya: dogo anaambia timu nisainishe mwezi wa tatu au wa nne chuo kikiisha, nipe hata mechi chache, ili mwaka mmoja wa ule mkataba mdogo uhesabike umekwisha. Cale Makar alisaini Colorado Aprili 2019, fainali za vyuo zimeisha juzi tu, akaingia moja kwa moja kwenye mechi za mtoano na akafunga. Yeye hakumgomea mtu, lakini mwaka mmoja wa mkataba ulishachomwa pale pale, na timu zinakubali hivyo kwa sababu zinajua Agosti 15 ipo kwenye kalenda.

Nikirudi kwenye nani kamkosea nani, mi nadhani watu wanamzomea mtu siye. Chukua Jimmy Vesey. Nashville walimchagua raundi ya tatu 2012, wakamsubiri amalize Harvard miaka yote minne, 2016 akabeba Hobey Baker, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, Nashville wameshamuandalia nafasi kwenye kikosi kabisa, halafu msimu wa chuo umekwisha ndo wanaambiwa jamaa anasubiri Agosti. Wakauza haki zake kwa Buffalo kwa nafasi ya raundi ya tatu, Buffalo wakapata wiki kadhaa za kumbembeleza, Agosti ikafika jamaa akaenda New York Rangers. Vesey hajawahi kufikisha magoli 20 kwa msimu, nasema tu. Sheria hakuvunja, lakini mtu kakuwekea sahani mezani unamwambia huli chakula kishapoa? Gauthier yeye alisema mapema, timu ilikuwa na muda wa kutosha kutafuta mteja na ilipata beki aliyekuwa kachaguliwa namba 6 mwaka 2020. Anayezomewa zaidi kati ya hao wawili ni aliyekuwa muungwana zaidi. Ila kugoma kuonana na watu waliovuka bahari kukufuata, hapo nampa kosa, hata kama jibu lilikuwa lile lile si ungetoka tu ukawaambia usoni.

Baba wa haya mambo yote ni Eric Lindros na kesi yake ndo inanivuruga. Quebec Nordiques walimchagua namba 1 mwaka 1991 akiwa ameshasema hatawachezea, na hakuwa mgeni wa kugoma, 1989 aliwakatalia Sault Ste. Marie kwenye ligi ya vijana mpaka wakampeleka Oshawa. Akakaa mwaka mzima bila NHL, akachezea Kanada kwenye Olimpiki ya 1992. Juni 1992 Quebec wakamuuza kwa timu mbili kwa mpigo, Philadelphia na Rangers, ikabidi aitwe msuluhishi, Larry Bertuzzi, aamue ni wa nani, akasema Philadelphia. Watu wakasema kwa sababu ya Kifaransa, mwenyewe baadaye akasema shida yake ilikuwa mmiliki wa timu. Alipoenda kucheza Quebec mara ya kwanza mashabiki walivaa nepi na kunyonya nyonyo za watoto, kumwambia wewe ni kitoto.

Lakini angalia walicholipwa: Peter Forsberg, Mike Ricci, Ron Hextall, Steve Duchesne, Kerry Huffman, Chris Simon, nafasi mbili za raundi ya kwanza na dola milioni 15. Nafasi moja ikawa kipa Jocelyn Thibault, ambaye alitumika kumpata Patrick Roy. Wakalamba dume la karne! 1996 wakabeba Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, Lindros hajawahi kulibeba mpaka anastaafu. Sasa shida ni kwamba walilibeba wakiwa Denver. Timu ilihama 1995 ikawa Colorado Avalanche, na wale wa nepi wa Quebec wakabaki wanaangalia kwenye tivii. Huwa nasikia watu wanatumia hii kesi kusema timu ndogo ikigomewa isilie, itafaidika. Timu ilifaidika ndiyo, mji ulipata nini?

Adam Fox ni mfano wa upande mwingine na unauma kwa timu kuliko wote. Calgary walimchagua 2016 raundi ya tatu, wakamtupia kwenye dili kubwa la Carolina 2018, Carolina nao wakaona hasaini, Aprili 2019 wakampeleka Rangers wakapewa nafasi ya raundi ya pili na nyingine ya masharti ambayo mwisho ikawa ya raundi ya pili pia. Jamaa ni wa Jericho, pale Long Island, kakua anaishabikia Rangers, wala hakuwa na haja ya kuficha. 2021 akabeba Norris, tuzo ya beki bora wa ligi. Beki bora wa ligi kwa nafasi za raundi ya pili! Na Rangers hawakufanya ujanja wowote, walikaa tu New York.

Ila mtu asiniambie mlango huu unanufaisha miji mikubwa peke yake. Agosti 2017 Will Butcher, mali ya Colorado, alitoka huru akasaini New Jersey, na wiki hiyo hiyo Alexander Kerfoot, mali ya New Jersey, akasaini Colorado. Wamepishana kama abiria kituoni. Msimu wa kwanza Butcher akapata pointi 44, Kerfoot 43. Hapo nani kaibiwa? Kila mmoja alienda alikoona kuna nafasi ya kucheza, na timu zote mbili zikapata mtu anayetaka kuwepo.

Kilichokuwa kinanikera mimi siku zote ni kwamba mlango ulikuwa wa wachache. Dogo wa Kanada aliyepitia ligi ya vijana ya CHL alikuwa anashikwa miaka miwili, asiposaini anarudishwa kwenye drafti achaguliwe upya, kama Jarret Stoll, Calgary 2000, halafu Edmonton 2002. Na ukishacheza CHL vyuo vya Marekani vilikuwa vinakufungia, eti umeshakuwa wa kulipwa, kwa posho ile ile ya nauli na chakula. Mrusi naye kivyake, ligi yao ya KHL haina makubaliano ya uhamisho na NHL, timu inaweza kukaa na haki zake miaka nenda rudi, lakini anayo ligi ya nyumbani inayolipa, kwa hiyo Kirill Kaprizov aliyechaguliwa na Minnesota 2015 namba 135 alikuja 2020, keshabeba dhahabu ya Olimpiki na akija anakuja kifua mbele. Kwa hiyo nguvu ya dogo ilitegemea kazaliwa wapi na shule gani imemkubali, kipaji kikafuata baadaye.

Novemba 2024 vyuo vikafungua, kuanzia Agosti 2025 waliotoka CHL wanaruhusiwa kucheza chuo, na Gavin McKenna, dogo aliyekuwa anazungumzwa kuliko wote, akatoka Medicine Hat, timu ya CHL, akaenda chuo cha Penn State. Halafu chuo siku hizi kinalipa. Ule uvumilivu niliosema una gharama umeanza kupungua bei, na timu ambazo zilikuwa zinaogopa madogo wachache wa Harvard na Michigan zijiandae kuogopa wengi.

Mi niko upande wa dogo, kwa asilimia kama 60 hivi. Mtu wa miaka 18 kapangiwa mji, mwajiri na mshahara kwa wakati mmoja, ukimuachia kitu kimoja cha kukataa sioni dhambi. Ila fidia irekebishwe. Leo timu ikimpoteza mtu wa raundi ya kwanza ambaye hakusaini inapewa nafasi kwenye raundi ya pili, chini ya hapo hupewi kitu, wakati Fox na Vesey wote walikuwa raundi ya tatu. Nashville angalau waliuza mapema. Buffalo walitoa nafasi yao kwa ajili ya kupiga simu mwezi Julai.