Mtoto akitimiza miaka saba, nani kasema anahama?

Ukikaa kwenye baraza la kata lolote kuanzia Tunduma mpaka Ilula, siku ndoa inapojadiliwa kuvunjika, sentensi hii lazima ipite: "Mtoto akifika miaka saba anakwenda kwa baba yake." Wanaisema wazee, anaisema baba, na mara nyingi mama naye ameshaipokea, anahesabu tu miaka iliyobaki. Kila mmoja anaitamka kwa uhakika wa mtu aliyeisoma mahali.

Mahali penyewe ni Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 125, na ukikisoma chote unakuta habari nyingine. Kwanza kinasema ustawi wa mtoto ndio unaotangulia. Kisha kinasema ichukuliwe kuwa mtoto aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, dhana ambayo baba anaweza kuipinga kwa ushahidi. Papo hapo, ndani ya kifungu kidogo hichohicho, hakimu anaonywa azingatie ubaya wa kuvuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Basi. Kuhusu kuhamia kwa baba au kukabidhiwa ukoo hakuna neno. Kinachokwisha mtoto akitimiza miaka saba ni ile dhana ya kumpendelea mama. Kuanzia hapo wazazi wote wawili wanasimama sawa mbele ya hakimu, naye anatazama ustawi wa mtoto, matakwa ya wazazi, mila za jamii yao, na matakwa ya mtoto mwenyewe kama umri wake unamruhusu kutoa maoni. Watu wameibeba namba, onyo wameliacha palepale kwenye kitabu. Hata wanaoitoa namba hii kwenye fikihi ya Kishafii, yaani sheria za Kiislamu za madhehebu ya Shafii, wameikata: huko, mtoto akifikia umri wa kupambanua mambo, unaokadiriwa kuwa miaka saba, ndipo yeye anapoulizwa achague.

Namba hii huanza kuharibu mambo miaka mingi kabla mtoto hajaifikia. Chukua mtoto ambaye wazazi wake wameachana akiwa na miaka mitatu. Baba anajiambia ya nini kutuma hela nyumba ya mtu mwingine, atamsomesha akija. Matunzo yanapungua, yanakuwa ya sikukuu, yanakatika, ingawa kifungu cha 129 cha sheria ileile kinamtaka mwanamume awatunze watoto wake, wawe kwake au wawe kwa mtu mwingine. Mama naye, mtoto akikaribia sita, anaanza kuogopa likizo. Akimwachia Desemba aende kwa baba yake Njombe, Januari atarudi? Kwa hiyo anamnyima. Wengine humpeleka mtoto kwa bibi Kyela au Usangu ili asipatikane kirahisi. Matokeo yake, kanuni iliyodhaniwa kumpa baba mtoto wake ndiyo inayomkosesha miaka minne ya kumjua, na siku anapokuja kumchukua, mtoto anaondoka na mgeni.

Na siku yenyewe huwa Januari. Mtoto wa miaka saba yuko darasa la kwanza au la pili, katikati ya KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), bado anaunganisha silabi. Akibebwa bila utaratibu, uhamisho wake kwenye PREM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, haujafanyika, shule mpya inampokea kama msikilizaji, wazazi wanavutana nani aende kwa mwalimu mkuu. Mara nyingi "kwa baba" maana yake ni kwa mama wa baba: baba yuko machimboni Chunya au kwenye mbao Mafinga, mtoto yuko kijijini na bibi, na hakuna aliyemuuliza bibi.

Hesabu hii huwa haifanywi kabisa: wazazi wana watoto watatu, wa miaka saba, minne na miwili. Kwa kanuni ya saba, wa kwanza anaondoka mwaka huu, wa pili baada ya miaka mitatu, wa tatu baada ya mitano. Kaburi moja linafukuliwa mara tatu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 39, inaitaka mahakama iangalie umuhimu wa kuwaweka ndugu pamoja na wa malezi yasiyokatikakatika. Kanuni ya saba inavivunja vyote viwili, tena kwa awamu, kama mkopo.

Wazee hawasemi upuuzi, lakini. Kwa Wanyakyusa, Wahehe, Wabena na majirani zao mtoto anafuata ukoo wa baba, na Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandika hivyohivyo kwa jamii za namna hii. Mtoto asiyejulikana kwa baba yake atakuja kutafuta shamba la kulima, mshenga wa kumposea na mahali pa kuzikia wazazi, akute kila mlango anatakiwa kujieleza. Hilo ni jambo zito, na mwanasheria wa mjini hulipita harakaharaka. Tena kikao cha ukoo hakina gharama, hakina tarehe ya kuahirishwa, na shangazi anaweza kuingia nyumbani jioni akaona kama mtoto amekula, kazi ambayo hakimu hawezi kuifanya. Wana hoja ya pili, dhidi ya mpango wa malezi, yaani wazazi walioachana kuandikiana mtoto atakaa wapi, lini na kwa matunzo gani: karatasi inagandisha ugomvi. Watu walioachana wakaandikiana kila kitu huishia kushitakiana kwa kila kitu, na maisha ya mkulima hayakai kwenye karatasi.

Hoja ya ukoo, ukiitazama vizuri, ni hoja ya kutaka mtoto amjue baba na watu wake tangu mdogo, wala haihitaji ahame. Na kwa hilo sheria inakwenda mbali kuliko wazee wanavyodhani: kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto kinampa mtoto wa waliotengana au walioachana haki ya kumtembelea na kukaa kwa mzazi wa pili kila anapotaka, ilimradi masomo yasivurugike. Kukaa, yaani kulala huko na kuamka huko. Sasa linganisha na amri fupi zinazotoka mahakamani, kwamba mama apewe watoto na baba aruhusiwe kuwaona. Kuwaona wapi, lini, kwa saa ngapi? Mpango wa malezi huzaliwa kwenye maswali hayo, na wanaoudharau kama karatasi ya wasomi wasiochukuliana kwa wema hawajaona jinsi ulivyo mdogo. Kurasa mbili za daftari zinatosha.

Wakati mzuri wa kuuandika ni pale shauri likiwa bado Baraza la Usuluhishi, liwe la kata, la kanisa au BAKWATA, kwa sababu karibu kila talaka lazima ipite huko ipate hati ya kushindikana suluhu kabla mahakama haijaipokea. Kama hasira ni nyingi, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye mtu wa kuwakalisha. Mpango ukipelekwa mahakamani pamoja na shauri, hakimu akiona unamfaa mtoto anaweza kuuingiza kwenye amri yake. Ukiishia kwa mtendaji wa kata una mhuri na una mashahidi, ni ushahidi mzuri, ila haumlazimishi mtu. Hapa ndipo wengi huumia: wanadhani mhuri ni amri.

Ndani ya mpango iandikwe kwanza nyumba ya siku za shule, iliyo karibu na shule anayosoma sasa. Kwa mikoa yetu, mpango wa wiki huku wiki kule unawafaa wazazi walio Mwanjelwa na Soweto. Kwa aliye Iringa na mwenzake Mbeya, zaidi ya kilomita 300, ni mateso. Wao wagawane likizo: Juni yote kwa mmoja, Desemba igawanywe, na mwaka unaofuata wabadilishane. Andika tarehe ya kwenda na ya kurudi, na ya kurudi iwe siku tatu au nne kabla shule haijafunguliwa, kwa ajili ya kunyoa, kufua na kupumzika. Andika nani anamsafirisha. Kumkabidhi mtoto wa miaka saba kwa kondakta na namba ya simu kwenye kikaratasi ni desturi iliyozoeleka na ni hatari tupu. Makambako iko karibu katikati ya Iringa na Mbeya. Kila mzazi anasafiri nusu, analipa nusu, wanakabidhiana stendi mchana, na anayechelewa anapiga simu kabla dakika sitini hazijapita. Maneno "mara kwa mara", "akipata nafasi" na "ikiwezekana" yafutwe popote yalipo, maana ugomvi wote wa baadaye utatokea hapo.

Matunzo ndiyo yanayovunja mipango mingi, na sababu kubwa ni mwezi. Mkulima wa kahawa wa Mbozi akiambiwa atoe laki moja kila mwezi, Februari na Machi ataonekana mkaidi hata kama ana moyo, kwa sababu kahawa inavunwa katikati ya mwaka na hela inakuja baadaye. Kiasi kilekile cha 1,200,000 kwa mwaka kinaweza kupangwa kwa msimu: laki saba kufikia mwisho wa Oktoba, laki tatu kabla ya tarehe 5 Januari kwa sare, viatu na madaftari, na laki mbili zinazobaki kwa elfu ishirini ishirini katika miezi kumi. Kuna wanaoona hapo baba amepewa mwanya wa kukwepa. Nadhani ni kinyume chake: deni lenye tarehe ambayo mtu ana hela ndilo linaloweza kudaiwa. Mahindi nayo yaandikwe kwa kilo, kwa mfano kilo 100 kwa kila mtoto kufikia mwisho wa Agosti. Ukiandika "gunia" utaletewa ubishi wa lumbesa na debe sita. Iandikwe pia nani analipa usafiri. Fedha zipite kwenye simu, na kila Desemba mtumaji aombe taarifa ya miamala, kwa kuwa meseji hufutika simu ikiharibika. Elimu haina ada shule za serikali tangu 2016, ila chakula cha shule na sare vipo, viandikwe. Kwa mtumishi aliyemwandikisha mtoto bima ya afya ya NHIF, iandikwe kadi inakaa kwa nani: ikae kwenye begi, isafiri na mtoto.

Begi lenyewe lina orodha yake. Juni na Julai, Makete na Njombe kuna barafu ya asubuhi kwenye majani; mtoto anayetoka joto la Kyela na fulana mbili atarudi na kifua, na mama atasema haendi tena. Sweta mbili, soksi nzito, dawa na kadi ya kliniki. Hayo ni mambo madogo, lakini likizo nyingi za pili zimekatazwa kwa sababu ya kikohozi cha likizo ya kwanza.

Wazee wana haki juu ya jambo moja: karatasi isiyofunguka hupasuka. Ndiyo maana kwenye mpango uwekwe mwezi wa kuukagua, Novemba hivi, wazazi wakiwa na ndugu mmoja mmoja wa kila upande. Shangazi anafaa sana kwa nafasi hiyo. Na hali zikibadilika kweli, mahakama inaweza kubadilisha amri yake. Pale palipokuwa na kipigo, mpango wa kukutana stendi haufai hata kidogo. Makabidhiano yapitie kwa ndugu au ustawi wa jamii, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lijue.

Kuna watoto ambao kweli itawafaa kuhamia kwa baba, wakiwa na saba au kumi na moja. Anayetaka hilo aanze na likizo mbili nzima, mtoto aulizwe akiwa peke yake na mtu asiye mzazi, mdogo wake ahesabiwe kwenye uamuzi huohuo, na uhamisho wa PREM uombwe Novemba, shule haijafungwa na mwalimu mkuu yupo ofisini.