Uchovu usioisha: tuuite ugonjwa, au tuzidi kupima malaria?

Mchuuzi wa Busia akilalamika kwamba mwili umemwishia nguvu, kliniki ya jirani itampima malaria na taifodi. Ni sawa. Upungufu wa damu, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, kisukari na kasoro za tezi ya shingo yote huchosha, na yote yana matibabu. Ndiyo maana madaktari wanaosita kutaja sindromu ya uchovu sugu, yaani ugonjwa wa uchovu mzito usioisha, wana hoja nzito: haina kipimo cha maabara, na anayeikimbilia mapema anaweza kumwacha mwenye kifua kikuu bila dawa.

Nakubaliana nao mpaka hapo. Lakini majibu yakirudi safi, mgonjwa hupewa tena dawa ya malaria, au kipimo cha Widal, kinachokosea mara nyingi, humpa taifodi asiyo nayo. Asipopona, ataambiwa ni mvivu au amerogwa. Hilo linaumiza watu.

Ugonjwa huu una dalili zake. Vigezo vya Marekani vya 2015 vinataka uchovu mpya uliozidi miezi 6 na kumpunguzia mtu shughuli zake, kuzidiwa baada ya kazi, usingizi usioburudisha, na ama akili kuwa nzito ama hali kuwa mbaya anaposimama. Dalili ya kuulizia kwanza, kwa maoni yangu, ni hiyo ya kuzidiwa baada ya kazi: mtu anafua leo na kumaliza, kesho au keshokutwa hainuki kitandani.

Mara nyingi huanzia kwenye maambukizi. Manusura wa Ebola iliyozuka Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, mwaka 2007 walichunguzwa baadaye, wakakutwa na maumivu ya viungo, shida ya usingizi na kusahau. Hilo pekee si uthibitisho wa sindromu hii, ila linatosha kumzuia mhudumu asiseme "umeshapona, nenda nyumbani".

Je, mazoezi yanatibu? Utafiti wa PACE wa Uingereza, uliochapishwa 2011, uliyaunga mkono, ukapingwa vikali. Mwaka 2021 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba huko, iliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba. Sasa mgonjwa hushauriwa kupima nguvu zake na kupumzika kabla hazijaisha. Kwa mama anayelima kwa jembe ushauri huo ni mgumu, maana palizi haingoji. Basi daktari amwite na mume au wakwe, awaeleze yeye mwenyewe kwamba kupumzika kwa mama huyo ni sehemu ya tiba.