Rekoda ndogo ya kuchomekea maiki ya nje: jeki ndogo au XLR?

Watu wa podikasti wanauliza hili swali kila siku, waandishi wa redio za jamii wanauliza, wanaorekodi wazee kwa ajili ya historia wanauliza, watu wa kwaya na kasida pia, na majibu ni yaleyale. Huyu anasema chukua rekoda ya jeki ndogo kama Zoom H1n au Tascam DR-05X inatosha, nyepesi, inaingia mfukoni. Yule anasema kama haina XLR, lile tundu kubwa la duara la pini tatu, usitupe hela yako. Mi naona wote wameanzia katikati, wameanza na rekoda. Ukishasema unachomeka maiki ya nje, zile maiki mbili zinazochungulia juu ya rekoda, ambazo ndo zinauza boksi, hazikuhusu tena. Unachonunua ni tundu, na priampu, yaani kikuza sauti kilicho nyuma ya tundu, na umeme ambao tundu linatoa, na hivyo vitatu huwezi kuvipima mpaka ujue ni maiki gani inaingia pale.

Nianze na jeki ndogo, ile ya milimita 3.5, maana inadharauliwa kuliko inavyostahili. Tundu lake kwenye rekoda nyingi linatoa umeme mdogo, kwa H1n ni volti 2.5, na huo unatosha kuamsha maiki ndogo za kubana shatini. Kwa mtu anayehoji watu hilo ni jambo kubwa sana. Mzee amekaa barazani, unambania kimaiki chini kidogo ya kola, waya unapita ndani ya shati, rekoda inaingia mfuko wake wa kanzu, mnaanza na habari za watoto na mvua na baada ya muda kashasahau kama anarekodiwa, anaongea lugha yake ya nyumbani na anakohoa anavyotaka. Njoo na stendi na maiki ndefu yenye manyoya uone, wajukuu wanajaa mlangoni na mzee anabadilisha sauti anaanza kuhutubia. Na kwa vile kimaiki kiko shibiri moja kutoka mdomoni sauti inayoingia ni kubwa ya kutosha, huhitaji kupandisha geini sana, yaani kiasi cha kuikuza sauti, kwa hiyo hata kama priampu sio ya maajabu mvumo wake hausikiki. Mtu wa namna hii ukimwambia lazima anunue rekoda ya XLR unamla hela yake bure.

Ila mwambie aangalie jeki yenyewe. Maiki nyingi za kubana zinazouzwa madukani zimetengenezwa kwa ajili ya simu, jeki yake ina mistari mitatu, wakati rekoda inataka jeki ya mistari miwili, na usipotumia adapta sahihi unaweza usisikie kitu au ukasikia sauti ya mbali kama mtu yuko ndani ya pipa. Boya BY-M1 ambayo wengi tunayo ina betri yake ndogo na kiswichi, upande wa simu na upande wa kamera, kwenye rekoda unaweka upande wa kamera. Kitu kidogo lakini kuna watu wamerudisha rekoda nzima dukani kwa sababu ya hicho kiswichi.

Sasa balaa la jeki ndogo linakuja pale mtu ana maiki ya jukwaani, tuseme Shure SM58 ya kanisani au ya bendi, akanunua waya wa XLR kwenda 3.5 akaichomeka kwenye rekoda ya mfukoni. Hapa kuna mambo mawili na yote mawili yanauma.

La kwanza ni nguvu. SM58 ni dainamiki, maiki isiyohitaji umeme, inatoa kama milivolti 1.85 tu kwa sauti ya desibeli 94, yaani sauti ya mtu anayeongea kwa nguvu mdomo ukiwa karibu kabisa na maiki. Linganisha na kondensa, maiki inayohitaji umeme, kama Rode NT1-A ambayo kwa sauti hiyohiyo inatoa milivolti 25, zaidi ya mara 13. Kwa hiyo dainamiki inakulazimisha upandishe geini mpaka mwisho na ukipandisha geini mpaka mwisho ndo priampu ya bei rahisi inaanza kukuonyesha rangi yake, shhhhhh nyuma ya kila neno. Watu wanasema H1n ina mvumo, mwingine anasema mbona yangu haina, na wote wanasema kweli, huyu kachomeka dainamiki yule kachomeka kondensa ndogo iliyo karibu na mdomo. SM7B, ile ya podikasti inayoonekana kwenye kila video, ndo inadai zaidi, hiyo inataka geini ya kama desibeli 60 safi, usijaribu kabisa kuipeleka kwenye jeki ndogo.

La pili ni waya wenyewe, na hili wengi hawalijui. XLR ina pini tatu, pini ya 2 na ya 3 zinabeba sauti ileile ila zimegeuziana, moja ikipanda nyingine inashuka. Kuna waya zinauzwa ambazo zimepeleka pini ya 2 kushoto na pini ya 3 kulia. Ukisikiliza kwa hedifoni unasikia vizuri tu, labda sauti inakaa kiajabu ajabu kichwani, unafurahi unaenda kurusha. Msikilizaji mwenye redio ya spika moja au simu yenye spika moja akifungua, kushoto na kulia zinajumlishwa na zinafutana, sauti ya mtu inapotea au inabaki nyembamba kama uzi wakati kelele nyingine unazisikia. Unaweza kuokoa ukitupa upande mmoja kwenye kuediti, lakini lazima ujue kwanza kilichotokea.

Ndo maana upande wa XLR una hoja nzito, sio maringo. Zoom H4n Pro, H5, Tascam DR-40X, na H4essential iliyotoka 2024, zote zina matundu mawili ya XLR na zinatoa volti 48 za kondensa kubwa. Kule kugeuziana kwa pini kunafanya kazi yake halisi, kelele iliyoingia njiani kwenye waya inafutwa, kwa hiyo unaweza kuvuta waya mita kumi mpaka kwa mpiga ganuni bila kuokota ule mlio wa simu trrr trrr trrr. Jeki ndogo haina kinga hiyo na pia tundu lake linalegea, ukitumia miaka miwili kwa kuchomeka na kuchomoa linaanza kukwaruza.

Alafu matundu mawili maana yake ni kila mtu na geini yake. Muulizaji ana sauti ya kuvuma na bibi anaongea kwa kunong'ona, kila mmoja yuko kwenye chaneli yake, unakuja kuwasawazisha nyumbani. Kwenye jeki ndogo mnagawana geini moja.

Gharama yake sasa. Volti 48 zinakula betri, na H5 au H4n Pro zinaendeshwa na betri mbili tu za AA, ukiweka zile betri za bei chee za dukani mtaani unaweza kushangaa zinavyoisha mahojiano hayajafika katikati. Weka alkaline au za kuchaji, na uende kwenye menyu uiambie rekoda ni betri aina gani, bila hivo kipimo cha betri kinakudanganya. Au tumia pawabenki. Na rekoda yenyewe haikai tena mfuko wa shati, inataka begi, waya nene, stendi, na ukifika kijijini na mzigo huo unajieleza kwanza kwa mwenyekiti kabla hujamsalimia mtu wa kumhoji.

Kuna kundi la tatu linasema yote hayo yamepitwa, nunua ya biti 32 floti, ile inayorekodi sauti ndogo na kubwa kwa pamoja bila kuhitaji kupima geini, ulale. Zoom F3 ya mwaka 2022 haina hata kitufe cha geini, ina XLR mbili, haina maiki yake kabisa, na kila chaneli ina vigeuzi viwili vya kugeuza sauti kuwa ya kidijitali, kimoja cha sauti ndogo kimoja cha sauti kubwa. Kwa ngoma na kwaya ni neema kweli, kwa sababu unapima sauti wakati mshairi anaanza peke yake, alafu msondo unaingia na kila kitu kinapasuka. Kwa floti unashusha tu baadae na sauti ipo salama. Lakini floti inaokoa kilichopasuka ndani ya rekoda, kilichopasuka ndani ya maiki kimepasuka, na vimaiki vya kubana vikikaa karibu na ngoma kubwa vinapasuka vyenyewe. Haiondoi mvumo wa priampu pia, Zoom H1essential ina floti ila tundu lake bado ni lilelile la 3.5 na SM58 bado inabaki na unyonge wake. Mafaili nayo ni makubwa, saa moja ya stereo kwa kHz 48 ni kama GB 1.4 ukilinganisha na GB 1 kwa biti 24, na sio kila programu ya simu inaifungua, ingawa Audacity inaifungua bila shida. H5 ina njia ya zamani kidogo inayosaidia karibu vilevile kwa maiki zake za juu, inarekodi nakala ya pili iliyoshushwa desibeli 12, na DR-40X ina kitu kama hicho. Nakala ya pili imeshaokoa kazi nyingi.

Jambo moja la hizi Zoom zenye jina la essential naliheshimu sana, menyu yake inaweza kusomwa kwa sauti. Mwandishi asiyeona anaweza kuendesha rekoda yake mwenyewe bila kumuita mtu, na hilo peke yake kwa baadhi ya watu linamaliza mjadala mzima.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi. Anayehoji mtu mmoja mmoja kwa maiki ya kubana achukue ya jeki ndogo, tena pesa iliyobaki aweke kwenye maiki bora na manyoya ya upepo, maana pwani wakati wa kusi hakuna priampu ya kukuokoa. Anayerekodi watu wawili kwenda juu, au taarabu, au ambaye tayari ana maiki ya dainamiki na hana mpango wa kununua nyingine, aende XLR na asitafute njia ya mkato ya adapta, hata kama ni H5 iliyotumika. F3 ni ya mtu ambaye tayari ana maiki nzuri na anarekodi vitu asivyoweza kuvirudia. Kuchukua laini, yaani sauti iliyokwisha kukuzwa, kutoka kwenye mixa ya msikitini au kanisani pia ni kazi ya XLR au jeki kubwa, hakikisha tu rekoda ina sehemu ya kuchagua laini au kupunguza nguvu, H5 inayo ya desibeli 20.

Na ukienda dukani nenda na maiki yako, waya wako na hedifoni zako. Chomeka, pandisha geini mpaka pale sauti yako inapojaa vizuri kwenye mita, alafu nyamaza usikilize huo ukimya una mvumo kiasi gani. Tikisa waya kwenye tundu. Angalia kadi inayokubali, H1n na H4n Pro mwisho wake ni GB 32 na muuzaji atakupa ya 128 kwa moyo mweupe kabisa. Rekodi dakika moja, hamishia kwenye simu, icheze kwa spika ya simu bila hedifoni, kama sauti yako imepotea rudisha ule waya kabla hujatoa hela.