Tumwongezee mkunga kazi ya kuhesabu kasoro za kuzaliwa?

Mei 2018, takwimu kutoka Botswana ziliwashtua wataalamu wa UKIMWI. Kati ya wanawake 426 walioshika mimba wakiwa tayari wanatumia dolutegravir, dawa ya kufubaza VVU, wanne walizaa watoto wenye hitilafu za ubongo au uti wa mgongo, kundi moja na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo usiofunga vizuri tumboni mwa mama. Kwa waliotumia dawa nyingine, ilikuwa takriban mtoto mmoja kati ya elfu. Nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ziliweka vizuizi kwa wanawake wenye umri wa kuzaa.

Walioiona hatari hiyo kwanza walikuwa wakunga. Kuanzia 2014, utafiti uitwao Tsepamo uliwafundisha wakunga wa hospitali nane kumkagua kila mtoto, aliye hai na aliyezaliwa mfu, toka utosini hadi unyayoni: fuvu, kaakaa, mgongo, vidole, njia ya haja kubwa. Wakiona kasoro waliiandika, na mama akiridhia, picha ilipigwa ili mtaalamu aithibitishe bila kujua mama alitumia dawa gani. Hapakuhitajika mashine za gharama.

Hiyo ndiyo hoja nzito ya wanaotaka mafunzo haya yaenee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto 240,000 hufa kila mwaka kabla ya kutimiza siku 28 kwa sababu ya kasoro za kuzaliwa, na tisa kati ya kila watoto kumi wenye kasoro kubwa huzaliwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Humo humo ndimo daftari la wodi ya wazazi mara nyingi huandika uzito na jinsia, basi.

Wanaosita nao wana sababu, na mtu aliyewahi kuona zamu ya usiku leba hawezi kuwapuuza. Mkunga mmoja ana wazazi watatu, mmoja anavuja damu. Ukimpa fomu nyingine, ama ataijaza kwa kukisia ama ataiacha. Macho yake pia hayaoni tundu kwenye moyo, na mtoto aliyezaliwa nyumbani hamfikii. Linaloniuma zaidi ni mama kuambiwa mwanawe ana mgongo wazi wakati daktari wa upasuaji yuko mbali na nauli hana.

Kuna pia gharama ya tahadhari ya mapema. Julai 2018, wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali wakadai waelezwe ukweli wote na waachiwe uamuzi wao. Walikuwa sahihi. Hesabu iliyofuata ya Tsepamo ilionyesha watoto 5 wenye hitilafu hizo kati ya 1,683 wa mama walioshika mimba wakitumia dolutegravir, na kufikia 2022 ilikuwa 10 kati ya 9,460, karibu sawa na kwa dawa nyingine. Wengine huona hapa ushahidi kwamba ufuatiliaji ulileta madhara. Mimi naona kosa lilikuwa la waliogeuza watoto wanne kuwa katazo. Wakunga waliendelea kuhesabu, na hesabu yao ndiyo iliyowafungulia wanawake mlango.

Kwa hiyo naunga mkono mafunzo, ila si kila zahanati kwa mpigo. Yaanze kwenye hospitali chache zenye wazazi wengi, awepo mtu anayelipwa kwa kazi ya takwimu, na mkunga afundishwe pia namna ya kuzungumza na mama na wapi pa kumpeleka mtoto. Semina ya siku mbili yenye posho na cheti, isiyofuatiwa na usimamizi, haitazaa takwimu za kuaminika.

Takwimu hizo zina kazi nyingine: Tanzania na Kenya zina kanuni za kuongeza asidi ya foliki, kirutubisho kinachopunguza hatari ya mgongo wazi, kwenye unga wa viwandani. Uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, kabla wengi hawajafika kliniki, kwa hiyo vidonge vya kliniki huchelewa. Lakini familia nyingi hula unga wa mashine za mtaani, usioongezwa kitu. Bila hesabu ya watoto wanaozaliwa na mgongo wazi mwaka hadi mwaka, hatuwezi kujua kama kanuni hizo zimemkinga hata mmoja.